Sufuria Zisizo na Masizi

Mimi na moshi hatupatani, na sioni haya kusema. Nilikulia dukani kwa baba, Tabora mjini, nikaolewa na jiko langu la mafuta ya taa, lile la kupiga pampu. Kuni nilizijua kwa kuziona zikipita kwenye baiskeli.

Mume wangu alikuwa seremala, na pia mjumbe wa nyumba kumi za mtaa wetu. Ujumbe aliupenda, Mungu wangu! Hata daftari la wakazi alilifunga kitambaa ili lisipate vumbi. Basi mafuta yalipopanda bei, na dukani tukawa tunapimiwa chupa moja kila nyumba, akaita mkutano.

"Ndugu zangu, mafuta ya taa ni ya taa. Anayepikia anamnyima mwenzake mwanga. Kwangu tumeshaacha. Mkiliona jiko la mafuta kwangu, siku hiyo hiyo ujumbe nauacha."

Nilipiga makofi kuliko wote. Nilikuwa nimemuahidi kwamba nimeacha kweli, na asubuhi ile ile nilikuwa nimechemsha maharage chumbani, kwa mafuta niliyoletewa kwa siri kutoka kwa baba.

Tatizo, jiko la pampu lina kelele. Dawa yake ikawa cherehani yangu. Mume akishakwenda karakana nawasha jiko, nafunga mlango, nakanyaga cherehani isiyo na uzi mpaka maharage yaive. Wapita njia wakawa wanasema, "Mke wa mjumbe hachoki!" Wee! Miguu ilikuwa inaniwaka moto.

Nilichokisahau ni sufuria. Siku moja bibi jirani yetu, mjane, alikuja kuomba chumvi akaziona kichanjani zinametameta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, unapikia kuni gani zisizo na masizi?"

Ningesema nazisugua, yangeisha. Lakini mdomo wangu haujui kunyamaza. "Mninga, bibi. Vipande vya karakana. Mninga mkavu hautoi masizi."

Akaenda moja kwa moja karakana kuomba vipande. Mume wangu, masikini, mninga aliujua kwa randa, si kwa sufuria. Hakuuona uongo, aliiona sifa. Akagawa vipande mtaa mzima, na wiki iliyofuata akatangaza kwamba Jumamosi mke wake atawafundisha akina mama kupika bila masizi. Nikasema moyoni, leo umepatikana, mwanamke.

Jumamosi wakaja wote, kila mmoja na sufuria yake. Nikamaliza vijiti sita vya kiberiti, moto unakataa tu. Uliposhika ukatoa moshi wa kufukuza nyuki wa msitu mzima wa Ipole. Sufuria yangu ikawa nyeusi tii mbele ya macho yao. Wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, nikidhani nimepona.

Bibi hakucheka. Alinyoosha mikono yake, vidole vimechunika kwa mchanga na majivu. "Wiki nzima nasugua," akasema. "Nilidhani mwenye kasoro ni mimi."

Astaghfirullahi! Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nikaingia chumbani, nikatoka na jiko, nikaliweka chini katikati yao. "Mimi napikia hili," nikasema.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akina mama wakamsihi: "Mjumbe, haya ni mambo ya jikoni, yaache."

"Neno nililitoa mimi," akasema.

Jioni ile akalipeleka daftari kwa katibu wa tawi. Akarudi, akala, akalala. Hakunigombeza hata kidogo, na mimi nilitamani anigombeze.

Asubuhi nilimkuta amechutama mbele ya mafiga, mwanamume ambaye jikoni hakuwahi kuingia hata kuchukua maji. Anapuliza kuni.

"Njoo nikuonyeshe," akasema. "Jana nilipita kwa bibi, akanifundisha."

Nikachutama kando yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Moshi huu," akasema.

Lakini moto ulikuwa umeshashika vizuri, na moshi haukuwepo.