Alipokea Vifaa vya Marehemu kwa Mikono Miwili

Ndugu wasomaji, mama huyu wa Iringa tumemficha jina kama alivyotusihi. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamhukumu.

Mhariri, nifiche vizuri, maana mji huu ni mdogo na gazeti lenu hata asiyelinunua hulisoma akifungiwa sukari dukani.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto wanne na ndoa ya kanisani. Nina wivu. Nasema mwenyewe mapema ili asije mtu akajifanya amegundua. Mume wangu, nimwite Baba Tumaini, hununua vifaa vya zamani vya useremala: randa za mbao za enzi za Mjerumani, patasi, keke za kutobolea mbao, misumeno ya mikono. Anazunguka vijijini mpaka Usangu, kwenye nyumba za mafundi waliozeeka au waliokufa, kisha anamuuzia Mzungu mmoja wa misheni anayevikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu.

Kazi hiyo ina vituko. Mzungu hataki kifaa kilichonolewa wala kusuguliwa. Anataka kutu yake, mpini wake wa kwanza, na jina la fundi lililochomwa kwenye mbao. Mwanzoni mimi kwa kumsaidia mume wangu nilisugua randa moja kwa mchanga na majivu ikang'aa kama sufuria ya harusi, ikakataliwa. Siku nyingine mgambo walimkamata wakidhani ni mlanguzi, nani anunue kutu? Hata hivyo kila alicholeta kiliuzwa, na nyumbani kwangu hakikubaki hata kimoja.

Mpaka aliporudi kutoka Rujewa na vifaa vya fundi mmoja aliyefariki. Alivipeleka misheni kama kawaida, ila randa moja akaiviringisha kwenye kitenge na kuiweka juu ya kabati. Kitenge chenyewe si changu. Nikamuuliza, "Baba Tumaini, hii huuzi?" Akajibu, "Hiyo bado."

Tangu hapo safari za Rujewa zikawa haziishi, na vifaa vyenyewe sivioni. Alikuwa anarudi na mchele mpya, umepetwa na kuchaguliwa mpaka huoni punje ya jiwe. Mwanamume hachagui mchele hivyo. Niliupika, tukaula, na ulikuwa mtamu, jambo lililoniudhi kuliko yote.

Nikaaga kwamba naenda kumwona shangazi. Nikapanda basi mpaka Igawa, nikadandia lori la mpunga hadi Rujewa, njia nzima nikipanga matusi. Nyumba ya marehemu fundi nilionyeshwa bila shida. Akatoka mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mweupe wa meno, kavaa kitenge pacha wa kile cha kabatini. Kabla sijafungua mdomo alipiga magoti.

"Shikamoo, dada mkubwa. Karibu kwako. Tulikuwa tunakusubiri."

Matusi yote niliyoyapanga yakanikauka. Aliyenieleza ni kaka wa marehemu, mzee mpole kabisa. Alisema kwa ukoo wao, siku ya kumaliza msiba vifaa vya kazi vya marehemu huwekwa kwenye mkeka mbele ya mjane. Atakayevipokea ndiye anayeshika nyumba, mjane na watoto.

"Mume wako alifika siku hiyo hiyo akitaka kununua," akasema. "Tukamwambia, hapa hatuuzi, hapa unapokea. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa na pombe. Sisi tukasema, basi, Mungu ametuletea mtu."

Nikamwambia hakujua, yeye alidhani amepewa bure. Mzee akacheka kidogo. "Mfanyabiashara apewe bure asiulize? Lakini kama hakujua, avirudishe vyote kwenye mkeka. Tutampa ndugu mwingine, na hatutakuwa na kinyongo."

Nilirudi Iringa nikiwa na tumaini. Nikaenda moja kwa moja misheni. Mzungu alikuwa anafunga makasha, anarudi kwao kabla ya Pasaka. Akanisikiliza, akasema, "Mama, mimi nitavitoa. Lakini nilivipata kwa mume wako, kwa hiyo aje aombe yeye."

Wasomaji, ilikuwa kazi ya kutembea kutoka nyumbani hadi misheni tu. Nikamsimulia Baba Tumaini yote. Hakukana. Alitazama chini, akasema, "Mama Tumaini, kitu kikishauzwa hakirudi. Ndiyo biashara." Nikamwambia, biashara gani, Mzungu mwenyewe amekubali! Akasema, "Wale watu waliniheshimu. Nitawaaibishaje?" Mimi niliyemzalia wanne, na kumlipia mgambo kwa kuku wangu wawili, sikuulizwa kama nimeaibika.

Yule mwanamke nataka kumchukia na nashindwa, nao ni wivu mbaya zaidi. Angekuwa na kiburi ningelala usingizi.

Sasa sikieni kilichonifanya nishike kalamu. Kitanda chetu kimevunjika mguu siku nyingi, kimeegemezwa matofali. Nimeomba mpaka nimechoka, na jibu lake ni lile lile, kwamba yeye anauza vifaa, hajui kuvitumia. Majuzi ameteremsha ile randa. Kila jioni yuko uani anapiga mbao za mninga, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, anakosea, anarudia. Anatengeneza kitanda. Majirani wananipongeza, "Hongera Mama Tumaini, umepata fundi!" Nami nacheka nao.

Jana alipokwenda sokoni nilikipima kitanda hicho kwa kamba, kisha nikaingia na kamba yangu chumbani kwetu. Hakiingii. Chumba cha Rujewa sijakipima.

Mzungu hajaondoka bado. Nikamlilie anipe vifaa nivirudishe mwenyewe kwenye mkeka, wakati aliyevipokea hataki? Au ninyamaze niitwe dada mkubwa? Nishaurini, nifanye nini? Fanyeni upesi, maana kimebaki kupigwa msasa.