Walipotia Saini, Tukawasha Magari

Asubuhi ile Tunduma ilikuwa kama siku zote. Foleni ya malori haikuwa na mwisho, akina mama wakipita na wali maharage, wabadilisha fedha wakimwita kila mtu bosi. Mimi na Kibona, mtu wa Ileje aliyenifundisha kuendesha lori la tela, kila mmoja na lori lake, tulikuwa na unga wa mahindi wa kupeleka mashariki mwa Kongo. Alinitania njia nzima kwamba Mnyiha wa Mbozi kama mimi anaipenda kahawa kuliko mkewe, maana nilikuwa nawaza kuwahi mavuno ya shamba langu. Karatasi zikagongwa muhuri, geti la mpaka likafunguliwa, tukavuka. Dereva wa Tunduma amelelewa hivyo: muhuri ukishagongwa, njia iko wazi.

Vita vilitukuta kabla ya kufika tulikokuwa tunakwenda. Tukaegesha kwenye uwanja wa kanisa moja, pamoja na watu waliokimbia vijiji vyao. Siku tisa tulisikiliza mabomu huku na redio huku. Redioni, mawaziri na mabalozi walikuwa hotelini, nchi ya mbali, wakizungumzia amani. Siku moja walibishana kutwa juu ya neno moja katika tamko lao. Kutwa hiyo sisi tulizika watu wanne nyuma ya kanisa.

Siku ya kumi asubuhi redio ikatangaza kwamba wametia saini. Mapigano yangekoma saa sita mchana.

Nilimkimbilia Kibona. Alikuwa anakoroga uji kando ya tela.

"Kaka, wamesaini! Twende."

"Na hawa wenye bunduki, nani kawaambia?"

"Wamesaini mbele ya mabalozi, kaka. Karatasi ni karatasi."

Aliendelea kukoroga. "Mdogo wangu, tungoje hata kesho."

"Kesho kahawa yangu yote iko chini. Au siku hizi unaogopa barabara?"

Akacheka, akazima jiko.

Saa saba tulikuwa njiani, yeye mbele.

Kwenye kona palikuwa na gogo, na watu wenye bunduki.

Kibona alisimama. Akatoa mkono dirishani, ameshika karatasi zake za mpakani.

Wakapiga.

Niliruka, nikalala mtaroni, uso kwenye matope. Walipakua unga wa malori yote mawili bila haraka, wakiongea kama watu walio kazini. Walipoondoka nilimkuta Kibona ameegemea usukani. Nikamwita. Nikamwita tena.

Tulimzika nyuma ya kanisa lile. Jioni hiyo redio ilisifu ujasiri wa viongozi walioketi mezani. Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa. Hawakuwahi kusikiliza redio, wahenga wetu. Tangu hapo wakubwa wamesaini tena, na tena, na kila mara wanapeana mikono huku wakitabasamu. Nawachukia. Nasema wazi, nawachukia.

Niliporudi nilikwenda Ileje kwa mke wa Kibona. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Shemeji, nani alimwambia njia imefunguka?"

"Redio," nikamjibu.

Kila nikienda kumsalimia, yeye huwalaani wale wa hotelini, akiapa kwa majina ya watoto wake, mmoja mmoja. Nami nakaa pale kwenye kigoda, nainamisha kichwa, naitikia amina.