Shangazi na Msichana wa Busu

Shangazi yangu alikuwa na sauti kumi na moja, na zote zilimpa kula. Kila Jumamosi mchana aliketi kando ya televisheni kwenye kibanda cha video, kipaza sauti mkononi, akitafsiri filamu za kutisha. Muuaji alikuwa na sauti yake, polisi naye yake, hata mlango mbovu ulilia kinywani mwake. Anayesema hiyo si kazi hajui kazi, na sina muda naye.

Filamu zenyewe zilikuwa baba mmoja mama mmoja. Vijana wanakwenda msituni kustarehe, msichana na mvulana wanabusiana, na shoka linamfuata msichana. Hapo Shangazi alikuwa na msemo wake uliojulikana mtaa mzima: "Haya, mwenye busu lake, aage!" Mabenchi yote yalilipuka kwa makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu.

Mwaka ule binti wa fundi viatu alipata mimba. Alikuwa mtu mzima, mshonaji anayejitegemea, lakini baba yake alimtupia virago nje. Shangazi akamchukua, akampa kitanda changu. Sikuulizwa. Jumamosi akamkokota hadi kibandani.

"Utajifungia mpaka lini? Hujaiba cha mtu."

Fundi viatu naye alikuwepo, benchi la nyuma, mahali pake pa siku zote. Hawakusalimiana.

Filamu ikafika palepale. Busu. Safari hii Shangazi alinyamaza, lakini alikuwa amechelewa, maana watu walishaukariri msemo wake. "Haya, mwenye busu lake, aage!" wakapaza sauti, na hawakuwa wakitazama televisheni. Walimtazama binti. Akainuka, akaanza kupenya kwenda mlangoni.

Shangazi akazima televisheni.

"We mama, washa bwana! Tumelipa!"

"Tulieni," akasema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo wengi hawakuwahi kuisikia pale. "Na wewe mwanangu, kaa. Kosa ni langu. Miaka yote wanabusiana wawili, mimi namzika mmoja. Leo namalizia mwenyewe."

Akaendelea, kioo kikiwa cheusi. Shoka likakosa. Msichana akatimua mbio. Tulisikia majani, pumzi, kiatu kimoja kikiburuzwa. Nilimwonea fahari shangazi yangu mpaka machozi yakanilenga. Msichana akafika kwao. Shangazi akagonga kipaza sauti kwa kidole, ngo, ngo, ngo.

"Baba, ni mimi."

Ikabaki zamu ya baba. Sauti ya baba alikuwa nayo, nzito, sote tuliijua. Hakuitoa. Alikiweka kipaza sauti mapajani, akangoja.

Tukangoja naye. Binti alikuwa bado amesimama, mkono tumboni.

"Aingie," akasema fundi viatu kutoka benchi la nyuma. "Mlango uko wazi."