Hodi Isiyoitikiwa

Karibu kila ninachokijua kuhusu kompyuta nimejifundisha mwenyewe, chumbani kwangu Temeke, na mpaka leo nikibonyeza Enter moyo unanienda mbio. Kwa hiyo mteja wangu wa kwanza, mama muuza vinyago wa Mwenge, aliponiambia kwamba oda za kwenye tovuti niliyomtengenezea hazimfikii kwenye barua pepe, sikuuliza kosa ni la nani. Nilijua ni langu.

Nilikagua kodi yangu, yaani code, maagizo niliyoyaandika ya kuendesha tovuti, mstari kwa mstari. Sikuona kosa, nikaiandika upya hata hivyo. Oda zilikuwa salama ndani ya tovuti. Taarifa zake ndizo zilizogoma kutoka. Mwishowe nikaenda dukani kwake na laptop, nikampigia fundi wa kampuni inayotupangisha kwenye seva, kompyuta inayotunza tovuti, nikaweka spika.

"Sista, huku kwetu kila kitu fresh," alisema. "Kodi yako ndiyo ina shida."

Mama akaacha kupiga msasa kinyago. "Kodi? Mwambie kodi ya fremu nimeshalipa mpaka mwezi wa sita!"

Fundi akacheka, akakata simu. Mie sikucheka.

"Mwanangu, sina ugomvi na wewe," mama akasema. "Lakini kuna mtu kaagiza kinyago, kasubiri weee, kisha kanitukana. Isipopona leo, ifunge hiyo tovuti. Nitauza kwa simu kama zamani."

Seva ile ni kama nyumba ya kupanga: wapangaji kibao, mwenye nyumba mmoja. Niliingia ndani yake kwa laptop, nikajaribu ping, amri ya kuita mashine nyingine ili ujue kama iko hewani. Seva ikanijibu kwamba sina ruhusa. Nikajaribu amri ya kuonyesha njia inayopitiwa na data. Sina ruhusa. Nilitamani kufunga laptop niende zangu nyumbani nikalie.

Halafu nikawaza: mpangaji hana ufunguo wa boksi la umeme, sawa, ila nani anamkataza kupiga hodi kwa jirani? Nikachukua curl, programu ndogo ambayo hata mpangaji anaruhusiwa kuitumia, nikagonga mlango mmoja tu wa mashine ya barua pepe, ile inayompokelea mama barua zake: ule wa kupokelea barua.

Kimya. Nikangoja mpaka muda ukaisha.

Nikagonga mlango mwingine wa mashine ileile, ule wa kurasa za kawaida. Ukafunguka papo hapo. Nikatoka kwenye seva, nikaunganisha laptop na bando la simu yangu, nikaugonga tena ule wa barua. Ukaitika!

"Mbona umetoa macho?" mama akauliza.

"Mama, ukipiga hodi mahali, wakakwambia hawataki wageni, si wamekusikia?"

"Wamenisikia. Adabu tu hawana."

"Na wakikaa kimya, lakini mwenzako akipiga hodi wanamkaribisha?"

"Basi kuna mtu kwenye geti langu anaizuia sauti yangu."

Hakuna ninachokiogopa kama kimya. Nikituma ujumbe usijibiwe, najilaumu siku nzima. Siku ile, kwa mara ya kwanza, kimya kilikuwa ushahidi, na kilikuwa upande wangu.

Nikamtumia fundi majibu yote matatu, na swali: je, ukuta wa usalama wa seva yenu unazuia barua kutoka? Kabla ya kutuma nilifuta "samahani" zote, nikabakiza moja.

Akapiga mwenyewe. Sauti ilikuwa imeshuka. "Sista, kweli. Tulifunga ule mlango kwa seva nzima. Nimeshaufungua. Sasa wewe umejuaje, na ruhusa huna?"

"Nilipiga hodi," nikamjibu.

Nikaziamuru taarifa zilizokwama zitoke. Simu ya mama ikaanza kulia na kutetemeka juu ya meza, ikatulia, ikalia tena, mpaka vumbi la msasa likawa linaruka. Akasoma oda ya kwanza kwa sauti, duka zima lisikie, kisha akaivuta simu yangu, fundi akiwa bado hewani, karibu na mdomo.

"Wewe fundi! Umeona? Kodi yetu haina shida. Imelipwa yote!"

Sikumsahihisha.