Nusu ya Sindano

Mgongo ndio ulioanza. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Kalemie, na baada ya kumzaa mtoto wangu wa tatu kwa kupasuliwa, mgongo ulikataa kupona. Nikameza tramadol ya maumivu kwa wiki mbili, kama daktari alivyoandika. Wiki mbili zikawa miezi. Vidonge vilipoacha kunitosha, nikaanza kuchukua kwenye sindano za wagonjwa: nusu yao, nusu yangu. Katika daftari niliandika kwamba wamepewa yote.

Aliyenifichua ni mama mmoja wa Katanika, aliyepasuliwa tumbo. Daktari alipopita asubuhi, mama yule alinitazama bila hasira, akasema, "Mama, ile sindano ya jana haikufika. Nimeuma kitambaa mpaka meno inaniuma."

Mkuu wa wauguzi alikuwa amesimama karibu. Alikwenda kwenye kabati la dawa, akakagua, kisha akaniita biro, ofisini kwake.

"Onyesha mikono."

Nikaionyesha. Ilikuwa inatetemeka.

"Tangu lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza. "Tangu masika," nikasema.

Baraza la wauguzi lilinisimamisha mwaka mzima. Nitibiwe, nipimwe mkojo kila wiki, ndipo waamue kama kibali changu kitarudi.

Siku za kwanza bila dawa ziliniharisha na kunitoa jasho, lakini kilichonishinda ni miguu. Haikutaka kutulia. Nilitoka nyumbani mpaka stesheni ya treni, kutoka stesheni mpaka bandarini, nikarudi kufua nguo zilizokuwa safi, nikatoka tena. Mume wangu, fundi wa reli, alinifuata kwa mbali kama mtu mwenye safari yake. Siku moja nikamngoja anifikie.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Sijui. Nikikaa, nawaza famasi."

"Basi tutembee."

Mwezi wa tatu wa matibabu nilimponyoka, nikanunua vidonge sokoni, nikameza viwili hapo hapo. Kesho yake nilimwambia muuguzi anayenitibu kabla hajanipa kichupa cha mkojo. Nilidhani atanifukuza. "Tunaandika," akasema, "na tunaendelea."

Kisha nikaenda Katanika. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta yule mama kwenye kambi ya waliokimbia vita, anaanika mihogo mbele ya kibanda chake. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana kukaa sikuweza. Aliendelea kutandaza vipande kimoja kimoja.

"Nilifikiri mwili wangu njo mubaya," akasema hatimaye. "Nilimwambia bwana yangu dawa haishike kwangu. Wakati wote ule nalaumu mwili wangu."

"Nilikuibia, Mama."

"Nimesikia. Sasa unataka niseme nini?"

"Sitaki useme kitu."

"Basi rudi kwako. Leo sina neno."

Nilirudi kwa miguu. Sikuhisi nafuu niliyoitarajia, ila usiku ule nililala bila kuamka.

Mwaka ulipoisha niliitwa mbele ya baraza. Watu watano, meza ndefu, karatasi za vipimo vyangu, na ile siku ya sokoni imepigiwa mstari. Nilibana viganja chini ya mapaja visionekane.

"Tukikurudishia wagonjwa," akauliza papa mmoja, mzee wa baraza, "nani atakuamini?"

"Msiniamini, Papa. Nipeni kazi isiyodai kuaminiwa."

Walinitoa nje, nikazunguka ua mara nyingi kiasi kwamba mlinzi aliniuliza kama nimepoteza kitu. Waliponiita tena, kibali kilikuwa kimerudi na masharti yake: nisiguse kabati la dawa za maumivu, na vipimo viendelee.

Sasa napima watoto uzito na kuwachanja kwenye kituo kimoja cha afya. Mjini mambo hayafichiki. Baadhi ya akina mama wakiniona, wanahamia foleni ya mwenzangu. Siwaiti. Nafuta mizani, nampokea mtoto aliye mbele yangu, na mama yake ananitazama mikono mpaka nimalize.