Mbio Zangu Si za Msiba

Kwetu mtu mzima hakimbii. Akikimbia, kuna aliyekufa, na yeye ndiye anayepeleka habari. Ndivyo tulivyolelewa huku juu ya uwanda, upande wa Kabungu. Ndiyo maana asubuhi ya kwanza nilipofunga kitenge kiunoni, nikavaa raba za mjukuu wangu na kuanza kukimbia kuelekea kwenye korongo, wanawake walinifuata. Sikuwaona. Nilikuwa nasali Salamu Maria kwa sauti ya chini, na masikio yangu yote yalikuwa kwenye pumzi zangu. Nilipogeuka, penye mti ule wenye mzinga wa nyuki, nikawakuta wanne wamejifunga kanga vichwani, na mmoja wao amebeba ndoo ya unga.

"Mayo, mama yangu, ni nani?" aliuliza jirani yangu, mama wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Nani nini?"

"Aliyetutoka."

"Hakuna. Nafanya mazoezi."

Alinitazama kuanzia raba mpaka kilemba. "Mazoezi ya nini? Unaenda jeshini? Nimemwacha ng'ombe katikati ya kukamua! Ndama ameshanyonya yote saa hizi. Chai yangu ya leo ni juu yako."

Yule mwenye unga alisema hawezi kurudi nao. Unga ukishatoka nyumbani kwenda msibani haurudi, kwa sababu anayeurudisha anautafutia msiba mlango wake mwenyewe. Basi tukaenda kwangu, tukausonga, tukaula kwa mlenda, nikaombewa mwisho mwema kana kwamba marehemu ni mimi. Kesho yake nikakimbia tena.

Nina miaka sitini na tisa. Nikiwa msichana nilikwenda Karema, kwenye misheni ya zamani pale ziwani, nikasoma dini miaka miwili, na niliporudi nikawa katekista. Kwa miaka ishirini na sita nilivuka korongo kila Jumamosi kwenda kigango cha ng'ambo, kanisa letu dogo la kijijini, kufundisha wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa, na kurudi Jumatatu. Njia ile naijua kwa nyayo. Najua jiwe linalocheza ukilikanyaga na mzizi unaoshika kama mkono wa jamaa. Magari hayapiti, hayajawahi kupita, na barabara ilipochongwa kuzunguka kule mbali watu wakaiacha njia, nyasi zikaimeza.

Kisha nikavunjika mguu. Pikipiki iliniangusha Kasokola, mahali ambapo barabara imenyooka na hakuna hata shimo la kusingizia. Nikiwa nimelala, mguu umefungwa, nilimwambia Mungu: ukiniinua, nitavuka lile korongo kwa miguu yangu, niigonge kengele ya kigango kwa mkono wangu. Maumivu yalipoisha nadhiri ilibaki. Wengi huweka nadhiri kitandani na kuiacha hapohapo na shuka. Mimi nilifundisha watu kwamba ahadi kwa Mungu ni deni, na sikuwa tayari kuzeeka nikiwa mwongo.

Lakini nitapitaje peke yangu kwenye njia iliyofunga, na nyati wanashuka kunywa maji? Nilimwomba kijana wangu wa mwisho, ambaye ni mwalimu, anisindikize. Akasema, "Mama, hata mbuzi hawapiti kule." Nikasubiri. Kusubiri nakujua.

Mwaka huo vijana wa kata na walimu wao wakaamua kuanzisha mbio za porini: kutoka kijijini kwetu, kukatiza uwanda, kushuka korongo, kupanda ng'ambo, mpaka uwanja wa kigango. Walisema wakimbiaji watatoka hata Mpanda mjini, wapate kuona nchi yetu ilivyo nzuri. Wakaingia na mapanga na majembe, wakaifyeka njia yangu. Niliposikia panga la kwanza nilipiga ishara ya msalaba. Mvua zilikuwa zinakaribia, na zikianza nyasi zingeifunga tena. Ilikuwa Jumamosi ile ya mbio au basi. Nikajiandikisha, nikaanza yale mazoezi yaliyowaleta wanawake na unga.

Mwanangu alikuwa katibu wa kamati. Alikuja na karatasi ya masharti. "Wazee wataishia ukingoni, Mama. Watapewa soda, halafu lori litawazungusha mpaka kwenye zawadi."

"Na asiyetaka soda?"

"Mama, daktari alikwambia utembee tu."

"Aliniambia nitembee. Hakusema kwa kasi gani."

Tulianza jua likichomoza. Vijana walinipita kama maji yanavyolipita jiwe, nami sikuwa na ugomvi nao. Uwanda ulikuwa umependeza. Miyombo ilikuwa imetoa majani mapya, yale mekundu yanayokuja kabla ya mvua, na chini yake majivu ya moto wa kiangazi yalikuwa yameanza kuchipua nyasi changa. Njia ilipita kwenye miamba mipana inayolia chini ya mguu, ikazunguka kichuguu kirefu kuliko nyumba yangu, ikatoka ghafla mahali ambapo ardhi inaisha. Mbele yako ni hewa. Ng'ambo unaona uwanda mwingine, tambarare kama huu, na katikati korongo limekatwa wima, miti ya chini inaonekana midogo kama mboga bustanini. Mwewe alikuwa anazunguka, nasi tulikuwa tunauona mgongo wake.

Hapo ndipo walipofunga utepe. Mwanangu alisimama na chupa ya soda.

"Mama, hapa ndiyo mwisho wako."

"Mwisho wangu anaujua Mungu. Wewe unajua wa lori."

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu wa michezo mwenye filimbi shingoni, alisogea. "Shikamoo, bibi. Kwa heshima zote, sheria ni sheria. Ukivunjika kule chini nani atakubeba?"

"Marahaba. Mguu huu ulivunjikia Kasokola, barabarani, nimepakiwa na kijana mwenye macho mawili mazima. Korongo halijawahi kunivunja."

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa rika langu, aliyekuwa ameshafika nusu ya soda yake, akapaza sauti toka kwenye lori, "Mwacheni nyie! Huyo alinifundisha sala nina ndevu tayari. Nilijaribu kutoroka, akanifuata mpaka kilabuni. Hamumwezi!"

Mwanangu hakucheka. Alininong'oneza, "Mama, watu watasema nimeshindwa kukutunza."

Nilimwonea huruma, maana lile ndilo lililokuwa linamuuma, na halikuwa jambo dogo. Lakini aibu yake nisingeweza kuibeba mteremkoni. Mikono nilihitaji ya kushikia miti.

Nikafungua pini, nikaitoa namba kifuani, nikamkabidhi mwenyekiti. "Haya. Sasa mimi si mkimbiaji wako. Ni mama anayekwenda kanisani kusali. Ipo sheria ya kumzuia?"

Aliigeuza ile namba, akaangalia nyuma yake, kana kwamba jibu limeandikwa huko. Nami nikauinua utepe, nikapita chini yake.

Hatua chache tu nikasikia mtu nyuma yangu.

"Usinishike," nilimwambia mwanangu bila kugeuka.

"Sikushiki. Nimeshika soda."

Kukimbia mteremko si kama kukimbia uwandani. Unashuka ubavu, hatua fupi, goti limelegea, jicho linatangulia mguu. Palepale jiwe linalocheza lilikuwa bado linacheza. Nikamwambia, "Hilo lipite kushoto," na nyuma yangu nikasikia linacheza chini ya mguu wake, akashika mti. Kwenye mwamba mmoja, ambao zamani niliuruka na mfuko wa vitabu mgongoni, nilikaa nikashuka kwa makalio. Sikuona haya. Mungu hakuuliza nitumie sehemu gani ya mwili.

Chini kulikuwa na baridi. Mto ulikuwa umebaki madimbwi, na vipepeo weupe wametulia kwenye tope lililokanyagwa na nyati. Nikanawa uso. Mguu ulikuwa umevimba, nikautia majini, nikautazama mpando. Nikaanza. Salamu Maria moja, hatua tatu. Salamu Maria moja, hatua tatu. Katikati ya mpando mwanangu akaanza kuitikia. Tangu alipopata kazi nilikuwa sijamsikia akisali.

Tulipotokea juu, jua lilikuwa limeshapita utosi. Zawadi zilikuwa zinagawiwa uwanjani, muziki juu, na hakuna aliyetuona. Nilikwenda moja kwa moja kigangoni. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na bolti yake ya kugongea imelala kwenye tundu la shina, palepale nilipoizoea. Nikaishika kwa mikono miwili, nikagonga.

Muziki ukazimwa. Kengele ikilia Jumamosi, si saa ya sala, maana yake ni moja tu. Wanawake walitoka majumbani wanakimbia, kanga vichwani, mmoja ameshika sufuria, mwingine unga. Nyuma yao washindi wenye medali, na lori la wazee lililokuwa ndiyo kwanza linafika.

"Nani? Nani jamani?" aliuliza mwanamke wa mbele, ambaye nilimfundisha akiwa binti.

"Hakuna aliyekufa," nilisema. "Nipo."

"Sasa kelele zote hizi za nini, mwalimu?"

"Nashukuru."

"Kushukuru ndiyo utukimbize hivi?"

"Ndiyo."

Aliuangalia unga wake, akamwangalia mwanangu aliyekuwa ameketi kwenye mzizi anakunywa ile soda yangu, akaguna. "Basi kuni ziletwe. Mimi siurudishi nyumbani."

Nami nikainua bolti, nikagonga tena.