Ubao wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu hakuweza kusema, na ni mkono wa kushoto tu uliomtii. Wazazi walipokufa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, niliacha shule nikaenda kuchuma kahawa Ruiru, naye akabaki na shangazi. Alikonda. "Ameshashiba huyo," shangazi aliniambia kila jioni niliporudi.

Nikatwaa ubao, nikachora kwa makaa upande wa kushoto, mkono wake ulikofika, ili aguse anachotaka kusema: maji, choo, sahani tupu. Kando ya sahani nikamchora shangazi na kitambaa chake cha madoadoa.

Akina mama wa kanisa walipoleta unga wa mtoto, shangazi alisema, "Namlisha yeye kwanza."

Mdogo wangu akagusa sahani tupu, halafu shangazi, mara tatu.

"Kumbe unakula unga wa yatima!" mama mmoja akamwambia.

Tangu hapo unga nilikabidhiwa mimi. Shangazi aliniomba nimfute ubaoni. Nilimkoleza kwa makaa.